Amepona kidonda, lakini si yule: maswali mnayotuuliza kuhusu kuumia ubongo

Maswali haya nimeyaokota kwenye benchi la nje ya chumba chetu cha tiba ya utengamao, yaani ya kumrudishia mgonjwa uwezo wake, hapa Tabora mjini, ambako ndugu hukaa wakisubiri wagonjwa wao. Wengi hutoka Uyui, Sikonge, Urambo na Kaliua. Walioumia ni vijana wa bodaboda kwa wingi, halafu wanaoanguka mitini: warina asali na watoto wa miembe. Maswali mengi nimewahi kuyajibu nikiwa nimesimama mlangoni, haraka haraka, na mengine niliyajibu vibaya. Nayajibu tena hapa kwa kituo.

Siti skani imesema hakuna kitu. Mbona hayuko sawa?

Siti skani ya dharura inatafuta damu iliyovuja, mfupa uliovunjika na ubongo uliovimba. Visipoonekana, daktari wa upasuaji anaandika "kawaida", na maana yake ni kwamba hakuna cha kupasua. Lakini kichwa kinapokwenda kasi kisha kikasimama ghafla, ubongo hujizungusha ndani ya fuvu, na nyuzi nyembamba zinazounganisha sehemu zake huvutika, nyingine hukatika. Nyuzi hizo siti skani haizioni. MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, huona zaidi kidogo, nayo haioni zote.

Kwa hiyo picha safi na mtu aliyebadilika vyaweza kuwa kweli kwa pamoja. Mkituambia anachoka kabla ya saa sita mchana, anatumwa vitu viwili anarudi na kimoja, anakerwa na kelele za watoto, hatuwezi kuyafuta hayo kwa sababu picha ni nzuri.

Lakini anajibu salamu vizuri kabisa. Hata daktari ameandika "anaongea vizuri".

Salamu zetu ndizo zinazotudanganya. Mwangalie mgonjwa akisalimiwa na mtoto: "Shikamoo babu." "Marahaba." "Habari za tangu jana?" "Nzuri." "Nyumbani?" "Hawajambo." Majibu matatu, yote sahihi, na hakuna hata moja alilolazimika kulitunga. Maneno tuliyoyasema maelfu ya mara huhifadhiwa kama wimbo, na mara nyingi hubaki hata njia ya kutunga sentensi mpya ikiwa imeharibika. Nimemsalimia mama mmoja asubuhi kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka", akaitikia kwa uchangamfu na kunishika mkono. Dakika mbili baadaye alitaka maji. Alionyesha kikombe, akasema "ile, ile, ya… ile", akaanza kulia. Jumapili aliimba pambio zima la kanisani bila kukwama.

Ukitaka kujua kama mtu anaongea, usiishie kwenye salamu. Mwambie akueleze jinsi ya kusonga ugali, au jinsi ya kubadili mpira wa pikipiki uliotoboka. Hapo ndipo utasikia kama hatua zinafuatana, kama maneno yanapatikana, na kama anajua wewe msikilizaji unahitaji kuambiwa nini.

Kwani kupoteza usemi na kuongea ovyo si kitu kimoja?

Hapana, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua tunasaidiaje.

Kuna afazia, ambapo lugha yenyewe imeumia. Kwa watu wengi lugha inakaa upande wa kushoto wa ubongo. Mwaka 1861 daktari Mfaransa Paul Broca alieleza habari za mgonjwa aliyeelewa mengi anayoambiwa lakini mdomoni hakutoka neno zaidi ya "tan". Alipofariki, ubongo wake ulikutwa umeharibika upande wa kushoto mbele. Mwaka 1874 Mjerumani Carl Wernicke akaeleza aina nyingine: mtu anatiririka maneno, lakini hayana maana, na yeye mwenyewe haelewi vizuri anachoambiwa. Hawa wa pili ndio wanaodhaniwa wamepata wazimu.

Kuna disathria, ambapo lugha ni nzima ila misuli ya midomo, ulimi na pumzi ni dhaifu. Huyu anaongea kama mlevi, na wengi wamepitishwa mikononi mwa polisi kwa sababu hiyo. Akiandika, anaandika vizuri.

Halafu kuna tatizo linalowapata sana walioumia kwa ajali, na ndilo linalotambuliwa kidogo kuliko yote. Maneno yapo, sarufi ipo, sauti ni safi. Kilichoumia ni fikra zinazobeba mazungumzo: umakini, kumbukumbu, kupanga, kujizuia. Anaanza kusimulia safari ya Nzega, anaingia kwenye bei ya mafuta, anahamia kwa shemeji yake, harudi Nzega. Haoni kwamba umeshachoka. Utani hauelewi, au anatania msibani. Familia husema "amekuwa msumbufu" na hawaleti hospitali, kwa sababu nani hupeleka usumbufu hospitali?

Amekuwa mkali, anatukana hata mama yake. Ni ugonjwa au tabia imejitokeza?

Sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ndiyo breki. Ikiumia, kile ambacho sisi sote tunakiwaza na kukimeza, yeye anakitoa. Kisa kinachotajwa sana ni cha Phineas Gage, msimamizi wa mafundi wa reli huko Vermont, Marekani, ambaye mwaka 1848 fimbo ya chuma ilimpenya kichwani baada ya baruti kulipuka. Aliishi, akatembea, akaongea. Rafiki zake walisema si Gage tena.

Hiyo haina maana kwamba mvumilie kila kitu. Akipiga watu, ondoeni watoto na vitu hatari, na mje siku hiyo hiyo, maana hasira ya ghafla yaweza pia kutokana na maumivu ya kichwa, kukosa usingizi, degedege au dawa. Pombe kwa mtu huyu ni sumu mara mbili. Ubongo ulioumia hulewa haraka, na pombe huongeza hatari ya kifafa.

Anasema jana alikwenda Urambo kuuza tumbaku. Jana alikuwa kitandani. Kwa nini anadanganya?

Hadanganyi. Mwongo anajua ukweli na anauficha. Huyu ana pengo kwenye kumbukumbu, na ubongo unalijaza kwa vipande vya zamani bila kumwuliza. Usibishane naye wala usimkubalie. Mwambie: "Leo ni Jumanne, tuko hospitali Tabora, uliumia kwenye pikipiki," kisha mpeleke kwenye jambo jingine.

Mara nyingi hili hutokea katika kipindi ambacho macho yako wazi, anaongea na kula, lakini kumbukumbu haijaanza kurekodi. Anaweza kukupokea kwa furaha mara tatu kwa siku moja, kila mara kama umefika sasa hivi. Tafadhali andikeni kwenye daftari ni siku gani alianza kukumbuka ya jana mfululizo. Urefu wa kipindi hicho, kuanzia ajali, ni kati ya dalili bora za ukubwa wa jeraha: chini ya siku moja ni habari nyingine, zaidi ya wiki ni habari nyingine kabisa. Hakuna mashine itakayotupa jibu hilo. Analo yule dada aliyelala chini ya kitanda chake.

Karatasi ya rufaa imeandikwa GCS 9 kwa 15. Amefeli?

Si mtihani. Ni kipimo cha fahamu kilichotolewa mwaka 1974 na Graham Teasdale na Bryan Jennett wa Glasgow, Uskoti. Macho alama 4, kuongea 5, kusogeza viungo 6. Aliye macho kabisa anapata 15, na wa chini kabisa ana 3 wala si sifuri. Alama 13 hadi 15 huitwa jeraha dogo, 9 hadi 12 la wastani, 8 kushuka ni kubwa.

Neno "dogo" hapo limewaponza wengi. Lina maana hakupoteza sana fahamu siku ya kwanza. Halikuahidi kwamba ataweza kusimamia duka mwezi ujao. Tena alama za kuongea hutegemea kuulizwa kwa lugha unayoijua. Bibi wa kijijini anayeulizwa kwa Kiswahili cha haraka "leo ni tarehe ngapi" akanyamaza, si lazima awe amechanganyikiwa.

Mnapompima mnafanya nini hasa? Mbona mnamchezesha michezo ya watoto?

Inaonekana hivyo, nakubali. Mkulima wa miaka hamsini anaambiwa achore saa, unadhani atafurahi?

Hatumpimi akiwa bado kwenye kile kipindi cha kutorekodi, wala akiwa na homa. Tunaanza na macho na masikio, kwa sababu asiyesikia ataonekana hajaelewa. Halafu tunapita sehemu moja moja. Umakini: namsomea tarakimu, azirudie, kisha azirudie kutoka nyuma. Kumbukumbu: maneno matano sasa, na tena baada ya dakika kadhaa. Kutafuta maneno: taja wanyama wote unaowajua kwa dakika moja. Kuelewa: "Gusa kalamu baada ya kugusa kitabu." Kusimulia: namwonyesha picha yenye watu na vurugu kidogo, aniambie kuna nini. Wengine hutaja vitu, "mtu, ndoo, mbuzi", bila kuunganisha kwamba mbuzi anakula mboga mama hajaona. Hapo nimeshapata kitu.

Kisha napenda kutoka kwenye karatasi. Nampa noti ya elfu kumi, orodha ya vitu vinne na bajeti, namtuma kwenye magenge ya nje ya geti huku nikimfuata kwa mbali. Kijana mmoja alipata alama nzuri sana mezani. Dukani alinunua kitu cha kwanza, akakutana na rafiki, wakaongea, akapanda naye bodaboda. Nilimkimbilia nikiwa na viatu vya kazini. Kwenye ripoti niliandika habari za rafiki na bodaboda, kwa sababu ndilo jambo mwajiri wake alihitaji kujua.

Vipimo vimetungwa ng'ambo. Vinatufaa?

Vinatufaa vikishikwa na mtu anayejua mitego yake. Chukua MoCA, kipimo cha kumbukumbu na fikra cha alama 30 kilichotoka Canada mwaka 2005 na ambacho leo kiko kila mahali. Mgonjwa anaombwa achore saa inayoonyesha 11:10. Niliwahi kukutana na karatasi iliyotafsiriwa neno kwa neno: "Chora saa kumi na moja na dakika kumi." Mzee alichukua kalamu, akachora duara safi, namba kumi na mbili zote mahali pake, mshale mfupi kwenye tano, mrefu kwenye mbili. Sahihi kabisa, hiyo ndiyo saa kumi na moja na dakika kumi ya jioni. Ufunguo wa majibu ulitaka mshale uwe kwenye kumi na moja, na aliyekuwa akisahihisha aliweka kosa. Mzee alikuwa mzima kuliko karatasi.

Kuna mnyama wa kutajwa kwa picha, ngamia, ambaye wengi wetu Tabora hatujawahi kumwona. Kuna kunakili mchemraba, kwa mtu ambaye mara ya mwisho kushika penseli ni darasa la pili. Kipimo kinaongeza alama 1 kwa mwenye elimu ya miaka 12 au pungufu. Kwa asiyeingia darasani kabisa, alama moja ni kama kumpa mtu mwavuli katikati ya ziwa.

Kuna pia jaribio la kutaja maneno yanayoanza na herufi fulani. Kwa Kiswahili ukimpa mtu M umempa shamba zima: mtu, mti, mtoto, mlango, mkate, ngeli nzima iko mle. Ukimpa D, hata mwalimu atakuna kichwa. Kwa hiyo idadi za kizungu haziwezi kutumika hapa, na mimi huwa nategemea wanyama, vyakula au vitu vya sokoni.

Nyumbani tunaongea Kinyamwezi. Apimwe kwa lugha gani?

Kwa zote alizokuwa akitumia. Mwenye lugha mbili anaweza kupoteza zote sawasawa, au moja ikarudi kabla ya nyingine, na si lazima iwe ya mama. Wakati mwingine hurudi kwanza ile aliyokuwa akiitumia zaidi kila siku. Aliyekuwa dereva wa masafa marefu anaweza kurudi na Kiswahili huku mama yake akisubiri Kinyamwezi.

Msaada wa ndugu kutafsiri tunauhitaji, kwa sharti moja gumu: tafsiri alichosema, usitengeneze. Mgonjwa akisema kitu kisicho na maana, ndugu kwa mapenzi hunyoosha: "Anasema anataka kwenda nyumbani." Hapana, mama. Niambie maneno yenyewe, hata kama hayana kichwa wala miguu.

Na tusimhesabie makosa aliyokuwa nayo kabla. Kuchanganya r na l, au kusema "ng'ombe zangu zote imepotea", kwa wengi wetu ni Kiswahili cha kila siku. Kwa mwalimu aliyekuwa akisema sanifu, upatanisho ukivunjika ghafla ni dalili. Ndiyo sababu nauliza: zamani alikuwa anaongeaje?

Yeye mwenyewe anasema hana tatizo. Tumwamini?

Mwamini kwamba ndivyo anavyoona. Ubongo unaojikagua ndio huo huo ulioumia. Kwa hiyo namwuliza yeye peke yake, kisha mke au kaka peke yake, maswali yale yale, na ninachotafuta ni tofauti ya majibu. Mama mmoja alinong'ona, "Zamani alikuwa akirudi ananiuliza watoto wamekula. Siku hizi hanijali." Hakuna kipimo cha mezani kingenipa sentensi hiyo.

Watu wanasema amerogwa.

Sigombani na mtu juu ya imani yake. Nauliza tu: mabadiliko yalianza kabla ya ajali au baada? Tarehe hujibu. Mkienda kwa mganga, dawa za kifafa zisikatwe hata siku moja, kichwa kisichanjwe, na mtu asiyemeza vizuri asinyweshwe dawa kwa nguvu, itaingia kwenye mapafu.

Mzee alijigonga kichwa wiki nne zilizopita, alikuwa mzima, sasa anachanganya majina na anaburuta mguu. Ni uzee?

Msingoje. Kwa wazee, damu inaweza kujikusanya pole pole chini ya utando wa ubongo kwa wiki kadhaa baada ya kujigonga kidogo tu, hata kwenye fremu ya mlango. Ni moja ya sababu za kuchanganyikiwa zinazoweza kuondolewa kwa upasuaji, na wapo wanaorudiwa na akili zao. Mpelekeni leo. Haraka hiyo hiyo inamhusu yeyote aliyeumia kichwa akaanza kutapika mfululizo, kusinzia asiamshike, kupata degedege, kutokwa maji maangavu puani au sikioni, au mboni moja ikawa kubwa kuliko nyingine.

Mtoto alianguka mwembe akiwa darasa la pili, akapona. Sasa yuko la sita, anashuka sana. Inahusiana?

Inawezekana kabisa. Mtoto huumia kwenye ubongo ambao bado unajengwa, na sehemu ya mbele huendelea kukomaa hadi baada ya miaka ishirini. Darasa la pili halimdai kupanga kazi wala kuandika insha, la sita linamdai. Mwambieni mwalimu habari za ule mwembe. Walimu wengi hawajui, wanamwita mvivu, na fimbo haijawahi kuunganisha nyuzi za ubongo.

Tuongee naye vipi nyumbani?

Zima redio kwanza. Mtu mmoja aongee, jambo moja, sentensi fupi, kisha nyamaza. Hesabu kumi kimoyomoyo kabla ya kurudia, kumi zote. Usimmalizie neno isipokuwa amekuomba. Swali la ndiyo au hapana ni rahisi kuliko "unataka nini?" Kuonyesha kwa mkono, kuchora, kupiga picha kwa simu, vyote ni kuongea. Kwa anayesahau, ubao mmoja ukutani na kengele ya simu vinafaa kuliko kumkumbusha mara ishirini.

Na sasa wageni. Najua kumtembelea mgonjwa ni ubinadamu, lakini hebu muone anavyopokelewa: watu kumi na wawili chumbani, kila mmoja anasogeza uso, "Unanikumbuka? Mimi nani?" Huo ni mtihani wa mdomo usioisha, mbele ya hadhira. Mgeni ajitambulishe mwenyewe: "Ni mimi shemeji yako, mume wa dada yako wa Kaliua." Waingie wawili wawili, wakae muda mfupi. Mtaonekana wakali. Semeni ni amri ya hospitali, nimewaruhusu.

Lini atarudi kwenye bodaboda?

Si kabla hatujaona umakini wake, kasi yake ya kuitikia, macho yake, na kama amepata degedege. Aliyeumia kidogo mara nyingi hurudi hali yake ndani ya wiki chache hadi miezi mitatu. Wengine huchukua zaidi. Kugongwa tena kichwa kabla jeraha la kwanza halijapoa ni hatari zaidi. Najua pikipiki ina marejesho ya kila siku. Ongeeni na mwenye chombo mapema.

Atapona?

Sehemu kubwa ya nafuu huonekana miezi sita ya mwanzo, kisha mwendo hupungua, lakini wapo wanaoendelea kupata nafuu miaka. Tarehe sitawapa.

Hakuna mtaalamu wa usemi kwetu.

Ni wachache nchini, kweli. Waulizeni watu wa tiba kwa vitendo, tiba ya viungo na afya ya akili katika hospitali ya mkoa. Tunagawana kazi hiyo tunavyoweza.

Siku ya kupimwa tuje na nini?

PF3, ile fomu ya polisi, kama ilikuwa ajali, karatasi zote za rufaa, dawa zenyewe na si majina yake ya kukumbuka. Aje mtu anayeishi naye, si mwenye gari. Lile daftari la siku. Awe amelala na amekula. Anayesafiri usiku kucha kutoka Kaliua apumzike, tumpime kesho. Na miwani. Nimeshampima mtu "aliyesahau kusoma", nikaandika nusu ukurasa, kumbe miwani ilibaki kwenye mfuko wa koti, na koti lilibaki nyumbani.